Mwaka Niliosoma Viraka vya Karanja

Mzee wa Saa Tano alikufa mwezi uliopita, na habari hizo nilizipata vile nilivyokuwa nikipata kila kitu kutoka kwake, kwa barua pepe, mwendo wa saa tano asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Hatukuwahi kuonana. Hata sura yake siijui. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, mimi na Karanja, kwa sababu majibu yake yalikuwa yakitua Nakuru saa hiyo, huko kwake kukiwa ndio kwanza watu wanaamka, na yakishatua siku yetu ilikuwa imeharibika. Nilimpigia Karanja simu, akasema tukutane Kikopey tule nyama, kana kwamba ni jirani amekufa na inabidi watu wakae pamoja. Akaja na mke wake na binti zake wawili. Ana kitambi sasa, ana vumbi la mbao kwenye nyusi ambalo nadhani halitoki tena, na kabla nyama haijakatwa alishaanza kuwaambia wale wasichana kwamba huyu aunty Cherono ndiye aliyemtesa mwaka mzima akiwa kijana. Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa adabu, lakini hasira ya zamani ilinipanda kama maziwa kwenye sufuria. Nilimtesa? Mimi? Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu kwenye gari, na nimeamua niandike huo mwaka ulivyokuwa, kwa sababu Karanja akiachiwa auhadithie yeye ataharibu.

Tulikuwa na vyumba viwili juu ya agrovet, duka la dawa za mifugo, mtaa wa Section 58, ngazi ya chuma ikiwa nje, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na chakula cha kuku ilipanda na sisi kila asubuhi hadi ikaingia kwenye nywele. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili, mashine zilizokaa wazi bila vifuniko, na dirisha lisilofunga vizuri, kwa hiyo Januari lilituletea vumbi na Julai likatuletea baridi, na hakuna fundi aliyewahi kulimudu. Chumba cha nyuma ndimo Karanja alimolala. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Sakafu nayo ilipitisha kila kitu kilichosemwa huko chini: mathe wa agrovet akimweleza mteja jinsi ya kupima dawa ya minyoo, mteja akibisha, mathe akianza upya. Nilimwonea huruma yule mama. Siku nzima alikuwa akirudia jambo moja kwa watu wasiotaka kusikia, na mimi pale juu nilikuwa nikifanya kazi hiyo hiyo kwa mtu mmoja.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja na sitarudia. Data ikitoka kompyuta moja kwenda nyingine hukatwakatwa ikawa pakiti, na pakiti hizo hupita kwenye mashine nyingi katikati. Mashine mojawapo ikilemewa, foleni ikiwa ndefu, inaweza kuzitupa pakiti, au, ikiwa na ustaarabu, kuzitia alama: hapa pana msongamano. Pakiti yenye alama inamfikia mpokeaji, na mpokeaji ndiye anayepaswa kumwambia mtumaji, wewe, punguza mwendo. Njia ya zamani ilimruhusu aseme tu kwamba msongamano upo, bila kusema ni mkubwa au mdogo. Njia mpya, ambayo Karanja alikuwa akiiandika, ilimpa nafasi ndogo ya nyongeza kwenye kichwa cha pakiti anazorudisha, aandike humo hesabu kamili ya data iliyofika na alama. Mtumaji akijua kiasi, anapunguza kwa kiasi. Ni hivyo tu. Lakini ilitakiwa iingie ndani ya keneli, ule moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta na simu za watu dunia nzima, na huko huingii kwa kubisha hodi. Unaandika badiliko lako, kiraka, unakituma kwenye orodha ya barua pepe ambako kila mtu anakiona, na wazee wa sehemu hiyo wanakisoma mstari kwa mstari na kukurudishia. Unarekebisha, unatuma toleo la pili. Kisha la tatu. Karanja aliandika. Mimi nilisoma kabla hajatuma, na nikiridhika niliweka jina langu chini, kwamba mimi fulani nimesoma na ninasimama na kazi hii. Jina hilo halifutiki. Mtu akikuta kosa miaka mingi baadaye, atalikuta na jina lako hapo hapo.

Karanja alikuwa amepewa mwaka mmoja. Hilo nililisikia kupitia ule ukuta, mwezi wa kwanza, baba yake alipokuja kutoka Elburgon, ambako ana kiwanda cha kupasua mbao. Alikaa kwenye kitanda cha mwanawe, kwa sababu kiti hakikuwepo, na mimi nikawa mbele najifanya nasoma. "Mimi sielewi hii kazi, na sijasema ni mbaya," mzee alisema. "Lakini niko na kiwanda kinataka mtu, na mimi magoti yameisha. Nakupatia huu mwaka. Krismasi ikifika na hiyo kitu yako imeingia huko mnataka iingie, mimi nitanyamaza kabisa. Kama haijaingia, unarudi nyumbani tukate mbao." Karanja akasema sawa, baba. "Si sawa ya mdomo," mzee akasema. Akajibu tena, sawa. Alipotoka mzee alinisalimia vizuri, akatazama zile mashine zilizo wazi kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa wa jirani, akashuka ngazi polepole akishikilia.

Nilitaka Karanja abaki. Niseme wazi, kwa sababu watu wa chini walikuwa na maelezo yao. Hatukuwa wapenzi, hatukukaribia, na ningeolewa na yeye ningekuwa nimemtupa dirishani kabla ya Pasaka. Nilitaka abaki kwa sababu Nakuru nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye mambo hayo, na kwa sababu alikuwa hodari. Ukimtoa maringo, alikuwa hodari kuliko mimi. Aliweza kushika mfumo mzima kichwani akiwa anakula chapati. Shida ni kwamba maringo yenyewe hayakutoka.

Toleo la kwanza tulilituma mwezi wa pili. Jibu la yule mzee wa ng'ambo lilikuja kesho yake, saa tano, na lilikuwa refu kuliko kiraka chenyewe. Kwenye ile orodha kuna desturi: unanukuu mstari wa mtu, unajibu chini yake, mstari mwingine, jibu lingine, hadi mwisho. Ni kama kuchambua mchele. Karanja alitaka kujibu yote kwa aya moja juu kabisa, kama mtu anayetoa taarifa kwa waandishi wa habari.

"Anasema nini?" aliniuliza, ingawa barua ilikuwa mbele yake.

"Anasema hesabu yako itafika mwisho irudi sifuri, na hujaishughulikia."

"Haiwezi fika."

"Itafika, Karanja. Nafasi uliyoipa ni ndogo. Ni kama mita ya gari, ikijaa inaanza upya. Mtu akishusha filamu moja tu itakuwa imezunguka mara nyingi, na wewe programu yako itafikiri amerudi nyuma."

"Huyu mzee anajiona."

"Mimi nilikuambia hivyo hivyo wiki iliyopita."

"Wewe uliniambia vibaya," akasema, na hakuwa akitania.

Sasa mtu wa namna hiyo unamfanya nini? Nilishuka nikanywa chai.

Chini kushoto mwa agrovet palikuwa na hoteli ya Mama Wangui, meza nne zenye vitambaa vya plastiki vya maua, na hapo ndipo tulipokula mwaka mzima: chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, Jumatatu, githeri siku mkono ukiwa mfupi, mukimo Ijumaa kwa sababu Ijumaa Mama Wangui alikuwa na furaha. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa ameshaamua kwamba mimi na Karanja ni mume na mke tunaoficha. Kila nilipoingia na uso umekunjika aliwaambia wateja, nami nikisikia, "Wamekosana tena hao wa juu. Ni ile kazi yao ya kusoma barua." Kulikuwa na fundi wa kushona aliyekula pale kila siku, akamuuliza barua zenyewe zinatoka wapi. "Ng'ambo," Mama Wangui akasema. "Kuna mzungu anawaandikia kila siku akiwaambia wamekosea." Fundi akatafakari hayo huku akivunja chapati. "Na si wamwache?" akauliza. Nilicheka hadi nikapaliwa na maharagwe, kisha nilipofika juu na kumkuta Karanja amemwandikia mzee jibu la matusi yaliyovaa tai, kile kicheko kikaisha. Nilimfutia jibu hilo mbele ya macho yake. Akaniita dikteta. Tukaandika lingine, mstari kwa mstari, mimi nikisema na yeye akipiga taipu kwa vidole viwili vya hasira.

Nikitazama nyuma naona ule mwaka mwingi ulikuwa hivyo, na sijui kwa nini watu wakielezwa kazi hii huniambia kwamba ni mfano mzuri wa maisha, mpokeaji na mtumaji, kupeana habari, punguza mwendo. Mchungaji wetu alitaka hata kuitumia kwenye mahubiri ya wachumba. Nilimwomba aache. Pakiti haina kiburi. Ukiiambia kuna msongamano haikuulizi wewe ni nani unayesema hivyo.

Kufikia mvua ndefu tulikuwa tumetuma matoleo kadhaa, na Karanja akaamua kwamba dawa ya mzee ni matokeo ya majaribio. Atanyamazishwa na namba. Tukachukua mashine kuukuu, tukaipeleka Elburgon, tukaiweka kwenye ofisi ya kiwanda cha baba yake, ikawa upande wa pili: huku Nakuru mpokeaji, kule Elburgon mtumaji, na katikati laini ya kawaida ya intaneti, ile ile ambayo wananchi wanatumia na kulaani. Majaribio yakaenda miezi. Namba zikaja nzuri ajabu. Foleni fupi, mwendo mzuri, hakuna kilichoanguka. Karanja alichora grafu za rangi, akazibandika ukutani juu ya kitanda chake. Tukatuma toleo lingine likiwa na hizo namba, na mzee akajibu saa tano kama kawaida, safari hii kwa swali moja fupi: je, upande wa mtumaji, mmewahi kuiona ile nyongeza yenyewe ikiwasili?

Nililisoma lile swali mara mbili. "Tumewahi kuiona?" nikamuuliza Karanja.

"Si unaona namba."

"Sijauliza namba. Nimeuliza kama umefungua pakiti iliyofika ukaikuta humo ndani."

"Cherono, kama haingekuwa inafika namba zingetoka wapi?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Wewe na huyo mzee mmelishwa kitu kimoja," akasema, akavaa koti, akaenda kuangalia mpira. Kisha akamjibu mzee kwa aya tatu kuhusu grafu. Swali halimo. Mzee akauliza tena, kwa maneno yale yale, hakubadilisha hata nukta. Karanja akalichukua kama tusi, akasema mtu anayerudia swali amekwisha akili, na ikapita Julai, ikapita Agosti, tukirekebisha mambo mengine yote aliyoyataja mzee isipokuwa hilo moja. Kila Jumatatu nilimwomba Karanja akienda nyumbani kwao akatazame ile mashine. Alienda, akala, akarudi. Ati alisahau. Aki yule kijana.

Mwezi wa kumi nilikwenda mwenyewe. Baba yake alinikaribisha, akanipa chai iliyochemshwa na maziwa hadi ikawa nzito, akanifungulia ofisi. Msumeno ulikuwa ukilia nje kiasi kwamba dirisha lilitetemeka, na mashine yetu ilikuwa chini ya meza imefunikwa unga wa mbao kama andazi. Nikaipangusa. Nikamwambia Karanja kwa simu aanzishe majaribio huko Nakuru, nikaanza kufungua pakiti moja moja zilivyokuwa zikiingia. Pale nyongeza yetu ilipopaswa kuwa, palikuwa na nafasi tupu. Si hesabu yenye makosa, si takataka. Tupu, imejazwa vijazio visivyo na maana. Mahali fulani kati ya Nakuru na Elburgon kulikuwa na kisanduku cha kampuni ya intaneti kilichoona kitu kisichokijua kwenye kichwa cha pakiti na kukifuta, kwa usalama, kwa kila pakiti, tangu siku ya kwanza. Na Karanja wetu, hodari, alikuwa ameandika njia ya dharura safi kabisa: nyongeza isipoonekana, programu inarudi kwenye mtindo wa zamani, kimya kimya, bila kulalamika popote. Kwa hiyo kazi yetu mpya haikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Zile namba nzuri zilikuwa za njia ya zamani, na uzuri wake ulitokana na laini kutulia msimu ule. Tulikuwa tumekaa miezi tukijaribu kitu ambacho hakikuwepo, na grafu zake zimebandikwa ukutani.

Nilimwambia kwa simu. Akasema, "Angalia tena." Nikaangalia tena. "Bado," nikasema. "Sasa hiyo kampuni si ni wajinga," akasema Karanja, na mimi, nikiwa nimesimama ndani ya unga wa mbao hadi kwenye vifundo, nilikata simu kwa sababu baba yake alikuwa karibu na sikutaka asikie nitakachosema.

Niliporudi nilizitoa zile grafu ukutani nikazitupa, tukaweka mashine mbili juu ya meza moja, tukaziunganisha kwa waya zenyewe kwa zenyewe, hakuna kampuni, hakuna kisanduku, hakuna mtu katikati wa kufuta kitu. Nyongeza ikafika. Na mara tu ilipofika, mashine ya upande wa pili ikafa. Ikaanguka kabisa, skrini ikaganda, kwa sababu hiyo mistari ilikuwa haijawahi kuendeshwa na mtu yeyote na ilikuwa na makosa ya kutosha harusi nzima. Mwezi wa kumi na moja wote tuliufanya pale mezani. Na sitaki kudanganya, ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote. Karanja aliacha kubisha kwa sababu kosa lilikuwa likitokea mbele ya macho yake, na akiacha kubisha ni raha kukaa naye. Alipata kosa, akalirekebisha, nikalisoma, nikapata jingine. Mama Wangui alitupandishia chakula mwenyewe, akasimama mlangoni akitazama, akasema sasa angalau mnaongea kama watu wa nyumba moja. Asubuhi moja katikati ya Desemba nilimaliza kusoma faili nzima na sikuwa na la kusema. Nikarudia kutoka juu. Ilikuwa imenyooka. Nikaweka jina langu chini, nikamsogezea kompyuta, nikaenda kuosha vikombe.

Tungetuma siku hiyo, ningekuwa naandika hadithi nyingine. Lakini juu ya sehemu moja Karanja alikuwa ameweka maelezo ya mistari miwili, maneno tu, ambayo kompyuta haiyasomi, akiwakejeli watengenezaji wa visanduku. Nikamwambia ayatoe, mzee hatayapitisha. Akasema yanabaki. Nikamwambia sehemu yetu ya keneli karibu inafungwa. Ndio desturi: kila baada ya miezi kadhaa wanasimamisha kupokea kazi mpya kwa wiki mbili, wakiunganisha waliyokwisha kupokea, na tarehe hutangazwa mapema, na nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo anachonyolea ndevu. Tulibishana juu ya ile mistari miwili wiki nzima. Wiki nzima, jamani, juu ya kejeli. Alipokubali kuitoa na kutuma, jibu likaja saa tano: tumefunga, tafadhali leteni tena tukifungua. Hakuna neno baya. Hakuna hata swali. Na kufungua ni baada ya mwaka mpya.

Baba yake alikuja na pikapu siku mbili kabla ya Krismasi. Alipanda ile ngazi polepole, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Imeingia?" akaniuliza mimi, si mwanawe.

"Haijakataliwa, mzee," nikasema. "Wamefunga kwa muda. Ni wiki mbili tu."

"Nimeuliza kama imeingia."

"Bado."

Mzee akamtazama Karanja. Nilingoja abishane. Mtu aliyebisha mwaka mzima juu ya kila nukta, nilingoja afungue mdomo aseme, baba, wiki mbili tu. Akaingia chumba cha nyuma akaanza kukunja blanketi. Niliwasaidia kushusha godoro nikiwa na hasira ambayo hata leo sijui niiweke wapi.

Walipofungua nilituma mimi, kwa jina lake, bila kugusa hata herufi. Mzee wa Saa Tano alijibu siku ya pili. Alikuwa ameweka jina lake chini ya langu, na maneno mawili: imepokelewa, asante. Nilikaa nikiangalia skrini, chini mathe akimwelezea mtu dawa ya minyoo, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikafunga kompyuta nikaenda Elburgon.

Niliwakuta wote wawili ofisini wakinywa chai. Nikamwambia baba yake kwamba imeingia. Mzee akaweka kikombe chini, akasema, "Krismasi imepita, lakini mimi si mtu wa kuhesabia mtoto wiki mbili. Nilisema nitanyamaza. Nimenyamaza. Mwenyewe achague." Akatoka nje kwenda kwa vijana wake wa msumeno. Nikageuka kwa Karanja nikicheka, ninakumbuka nilikuwa nikicheka, nikamwambia abebe godoro lake.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Cherono, nimechoka. Hapa nikipasua mti umepasuka. Hakuna mtu anakuja kuniambia toleo la tisa. Mwaka mzima, wewe na yule mzee, hakuna siku hata mmoja wenu alisema ni nzuri. Hata siku moja."

Nilitaka kumpiga. Niliifungua kompyuta mezani, katikati ya vikombe, barua zote za mwaka nilikuwa nazo humo, nikaigeuza imtazame.

"Kuna watu wanatuma viraka kwenye hiyo orodha na hakuna anayewajibu," nikasema. "Hata kuambiwa ni vibaya hawaambiwi. Huyu mzee amekujibu kila toleo. Kila moja, Karanja, mstari kwa mstari, kabla hajanywa chai yake. Na mimi nilikaa pale kwa ile baridi kila asubuhi nikikusoma wewe peke yako. Ulifikiri tulikuwa tunasoma ya nini?"

Akaisogeza kompyuta karibu, akasoma yale maneno mawili ya mwisho, kisha akapanda hadi juu kabisa, barua ya mwezi wa pili, akaanza kushuka nayo. Alikuwa akisoma polepole, midomo ikichezacheza. Huko nje lori likaingia, baba yake akaita jina lake, kwamba magogo yamefika na wanahitaji mtu wa kuyahesabu. Akaitika. Lakini hakuinuka. Baba yake akaita tena. Karanja akafika kwenye ile barua yenye swali moja, akaisoma, akaiwekea kidole kwenye skrini kama mtoto anayejifunza kusoma, akakaa hivyo.

Kisha akainuka, akaenda kuhesabu magogo.